Yule mwalimu wa UPE aliyeuliza kwanza

Kila ikifika tarehe 5 Oktoba watu wanajaza stetasi na zile picha za mshumaa, unazijua, mshumaa unawaka halafu chini maandishi ya rangi ya dhahabu eti mwalimu ni mshumaa unaojiunguza ili wengine wapate mwanga. Mi ile picha naichukia. Sio kwamba nina ubaya na walimu, jamani mama yangu mdogo ni mwalimu, upande wa mama ukitupa jiwe linampata mwalimu, na hasa ndo maana naichukia. Mshumaa ukiisha unawashwa mwingine, hakuna anayeulizia ule wa kwanza ulikuwa na hali gani. Na ukichunguza anayeipandisha picha yenyewe mara nyingi ndo yule yule ambaye akiitwa shuleni kuongea na mwalimu wa mtoto wake anasema yuko bize, au anaenda kumfokea mwalimu mbele ya darasa zima.

Siku yenyewe ya walimu duniani ilianza kuadhimishwa 1994, na tarehe imechukuliwa kutoka 1966, siku ambayo UNESCO na ILO, lile shirika la kazi la kimataifa, walipitisha pendekezo kuhusu hadhi ya walimu. Niliwahi kulisoma, ni refu na lugha yake kavu kama maandishi yote ya serikali, lakini humo ndani hakuna mshumaa hata mmoja. Kuna mishahara, kuna likizo, kuna nyumba za walimu kwenye maeneo ambayo nyumba ni shida, na kuna sehemu inasema darasa liwe na idadi ya wanafunzi inayomwezesha mwalimu kumshughulikia mtoto mmoja mmoja. 1966 hiyo. Wakati huo sisi Tanganyika tuna miaka mitano tu ya uhuru.

Sasa hiki cha mtoto mmoja mmoja ndo nataka nikiongelee leo maana nimekaa nacho muda mrefu.

Mi nimesoma shule ya msingi moja upande wa Kilosa, Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 80. Huku mkonge, huku reli ya kati, huku mto Mkondoa ambao ukiamua kufurika hauna adabu. Darasani tulikuwa mchanganyiko, watoto wa makambi ya mkonge, watoto wa wafanyakazi wa reli, watoto wa wakulima, na watoto wa watumishi wawili watatu ambao ndo walikuwa na viatu. Madawati yalikuwepo ila hayatoshi, wengine tulikalia matofali, ukiwahi unapata tofali zuri ukichelewa unapata la kuchomachoma.

Mwalimu wetu wa darasa la nne tulimwita Madam. Alikuwa mwalimu wa UPE. Kwa wadogo zangu ambao hamkuwepo, UPE ni Universal Primary Education, yani elimu ya msingi kwa wote, ilitokana na Azimio la Musoma la 1974, TANU ikasema ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, hakuna kusubiri. Uamuzi mzuri sana, tatizo walimu watatoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wanafundisha huku na wao wanasoma, masomo mengine yanakuja kwa posta, mengine kwa redio, mwalimu mzoefu anawasimamia, halafu mwishoni wanapelekwa chuoni kwa muda mfupi ndo wanatoka na cheti. Watu kwa kupenda utani wakasema UPE maana yake Ualimu Pasipo Elimu, na hawa walimu waliusikia huo utani maisha yao yote mpaka wanastaafu, hadi kwa wanafunzi wao, hadi kwa walimu wenzao waliotoka kwenye vyuo vya miaka miwili.

Madam hakuwa mpole, nisije nikawadanganya. Jedwali la kuzidisha ulikuwa unalijua au unalala nalo. Kalamu yake nyekundu ilikuwa haina huruma hata kidogo, ukiandika herufi kubwa katikati ya neno anakuzungushia duara ukurasa mzima unabaki kama una tetekuwanga. Hacheki hovyo, hana stori. Kiingereza chake chenyewe cha kuunga unga, tulikuja kugundua baadae sana kwamba kuna maneno alitufundisha kuyatamka vibaya na mpaka leo tukikutana tunayatamka hivyo hivyo.

Darasani tulikuwa na jamaa mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa anakaa kambi ya mkonge ng'ambo ya mto. Huyu alikuwa mchelewaji wa kudumu. Shule inaanza saa moja asubuhi kwa kazi za usafi, unafika na kidumu chako cha maji na fagio, mwalimu wa zamu amesimama chini ya mwembe na fimbo zake, kiranja anaita namba, asiyekuwepo anaandikwa. Wachelewaji wakifika ni viboko kwanza halafu kung'oa visiki. Jamaa alikuwa anapigwa kila siku inayoitwa siku ya shule. Alizoea mpaka ikafika hatua akitokea kule kwenye kona anaweka kidumu chini, analala mwenyewe kifudifudi bila kuambiwa, anachapwa, anainuka, anaokota fagio. Na sisi tunacheka! Tuliona ni kichekesho.

Wiki moja zamu ikawa ya Madam. Jamaa akafika kama kawaida yake, kidumu chini, akalala. Madam akamuuliza nani kakwambia ulale? Jamaa kimya. Akamwambia inuka. Akamuuliza unaamka saa ngapi. Akasema saa kumi.

Yani saa kumi alfajiri, na anachelewa.

Pale Madam hakuendelea kumuuliza mbele yetu, alimwambia tu nenda darasani. Jioni tulipotawanyika tukamuona na mwavuli wake mweusi anaongozana naye kuelekea mtoni. Ile njia sio ya mchezo. Kumbe mama yake alikuwa mkata mkonge, na ukiwa mkata mkonge unatoka kukiwa bado giza ili umalize kata yako kabla jua halijakuua, nyumbani anabaki jamaa na mdogo wake anayetambaa, na hawezi kumuacha mpaka bibi jirani arudi kutoka stesheni anakouza maandazi kwa abiria wa treni, na bibi akirudi ni saa moja na nusu huko. Akishapokelewa mtoto ndo anakimbia. Anafika saa mbili kasoro.

Kesho yake paredi ikapita, Madam hakusema kitu, hakuna hotuba. Ila baada ya siku kama mbili hivi ile orodha ya kazi iliyobandikwa ukutani ikabadilika. Jina la jamaa likatolewa kwenye kufagia uwanja asubuhi likapelekwa kwenye kumwagilia miche jioni. Basi. Vipindi vinaanza saa mbili, yeye anafika saa mbili kasoro, hana usafi wa asubuhi, kwa hiyo hajachelewa kitu chochote. Mtoto yule yule, anafika muda ule ule, lakini hayupo tena kwenye orodha ya wachelewaji. Kuna mtu akanung'unika kwamba anapendelewa, Madam akasema anayetaka kubaki jioni kubeba ndoo kutoka mtoni aje nimuandike sasa hivi. Hakwenda mtu.

Hii stori nimeisimulia mara nyingi na watu wanasubiri mwisho ule wa kawaida, kwamba leo hii yule mtoto ni daktari bingwa Muhimbili. Hapana. Jamaa hakuchaguliwa kwenda sekondari, wakati ule darasa zima la saba mnaweza mkachaguliwa wawili au asiende hata mmoja. Ni dereva wa lori, anapiga Dar Tunduma, ana watoto na ana presha kama sisi wote. Na mi huwa nawakatalia watu wanaotaka awe daktari ndo huruma ya Madam iwe na maana. Kwani kama angebaki kuwa mkata mkonge, ingekuwa sawa tu alale chini achapwe kila asubuhi kwa kosa la kulea mdogo wake?

Tukija kwenye huruma yenyewe, watu wengi wakisikia mwalimu mwenye huruma wanawaza mtu laini laini, anasamehe samehe, anabembeleza, darasa linapiga kelele. Huyu mama hakusamehe kitu. Hakumpa jamaa ruhusa ya kuchelewa, hakumpunguzia kazi, tena kazi aliyompa ilikuwa nzito kuliko ile ya mwanzo. Alichofanya aliuliza, akatembea mpaka kwao akaona kwa macho, akarudi akasogeza jina kwenye karatasi. Hakutoa hata senti moja. Kilichomgharimu ni jioni moja na miguu yake.

Alikuwepo na mwingine pale shuleni, mwalimu wa nidhamu, mwanaume, kaunda suti, huyo ndo alikuwa bingwa wa ule mwembe. Nikiwa mtoto nilimchukulia ni shetani kabisa. Nilipokuja kukua nikajua mambo mengine, kwamba anakaa mbali kuliko wanafunzi wengi, kwamba ikifika mwisho wa mwezi anatakiwa kwenda wilayani kufuata mshahara na anaweza kukaa siku kadhaa huko akasikia hela haijaja, kwamba analima mahindi ya kula kwa sababu mshahara ukija unakuta madeni yamepanga foleni. Simtetei kwa vile viboko. Lakini mtu ambaye hakuna mkubwa wake aliyewahi kumuuliza wewe umeamkaje, sijui hilo swali la kumuuliza mtoto angelitoa wapi. Na wote wawili walikuwa wanalipwa mshahara wa aina moja, kwa hiyo najua pia kwamba shida peke yake sio jibu, Madam naye alikuwa na shida zake.

Hivi mnajua kwamba hata sheria yetu wenyewe haimruhusu mwalimu yeyote tu kuokota fimbo? Kanuni za adhabu ya viboko Tanzania, zilivyo tangu 2002, zinasema viboko visizidi 4, atoe mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu, jina la mtoto, kosa, idadi ya fimbo, aliyechapa. Nani amewahi kukiona hicho kitabu? Mi nimemaliza shule sijawahi. Nimewauliza walimu ninaowafahamu wengine wanacheka. Ukisoma ile kanuni vizuri unaona aliyeiandika alitaka kuweka breki, yani kabla fimbo haijashuka kuwe na mtu anayefikiri na mtu anayeandika. Tulichofanya sisi tukabeba fimbo tukaacha kitabu.

Na matokeo tumeyaona. Agosti 2018 huko Bukoba mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni, alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Mkoba! Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu mmoja kunyongwa. Nchi nzima ilipiga kelele wiki mbili tatu, bungeni wakaongea, halafu tukahamia mada nyingine. Mi katika ile kesi kilichoniumiza zaidi ya hukumu ni kufikiri kwamba kati ya tuhuma na kipigo kulikuwa na nafasi ya maswali, dakika chache tu za kukaa chini na mtoto.

Wenzetu wa Kenya walipiga marufuku viboko mashuleni tangu 2001, na katiba yao ya 2010 ikaongezea juu. Haimaanishi vimeisha, ndugu zangu wa Nakuru na Kisumu wanajua, lakini angalau mzazi akienda kulalamika ana pa kushika. Sisi bado tunabishana kama mtoto wa kiafrika anaweza kuelewa bila fimbo, na wanaobisha kwa nguvu ni sisi tuliochapwa, eti mbona tumekuwa watu. Tumekuwa watu, sawa, na tukiitwa ofisini na bosi tumbo linauma kabla hatujajua tunaitiwa nini.

Nikiwa hapo hapo Kenya, wengi mnamkumbuka Peter Tabichi, yule bruda wa Kifransisko aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani, Dubai, Machi 2019, dola milioni moja. Watu walishika zaidi ile milioni na kwamba alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia jamii inayoizunguka shule. Ni jambo kubwa, ila ukiwa na mke na watoto watatu na kodi ya nyumba hiyo sio habari ya kuiga, yeye ni mtawa. Mi nilichokipenda ni kingine ambacho hakikuandikwa sana. Shule yake, Keriko, iko kijijini huko Njoro, kaunti ya Nakuru, shule ya kutwa, wanafunzi wengi wanatoka familia maskini na wengi ni yatima au wana mzazi mmoja, kompyuta ilikuwa moja, intaneti ya kubahatisha. Na huyu mwalimu wa Hisabati na Fizikia alikuwa anaenda majumbani kwa wanafunzi ambao anaona wanakaribia kuacha shule. Anaenda kwao! Anakaa na wazazi, anaongea nao, iwe ni ada, iwe ni binti anataka kuozwa mapema. Halafu wikiendi anarudi na klabu ya sayansi, na vile vitoto vya kijijini vikatengeneza kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, mpaka wakafika kwenye mashindano ya sayansi ya kimataifa kule Arizona, Marekani.

Niliposoma kile kipande cha kutembelea majumbani nikamuona Madam na mwavuli wake. Mmoja kapewa tuzo Dubai mbele ya makamera, mwingine hata barua ya kumsifu hakuwahi kuandikiwa, lakini kazi ni ile ile, unatoka nje ya geti la shule unaenda kuona mtoto anaishije.

Sasa hapa ndo nataka tuongee ukweli. Darasa letu tulikuwa kama hamsini hivi na tulijiona tumejaa. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu 2016 elimu bila ada ilipoanza watoto wamemiminika, na ni jambo jema, wale wote walikuwa wanakaa nyumbani kwa sababu ya hela, lakini nenda kwenye shule za pembezoni mwa miji yetu ukahesabu vichwa, kuna madarasa yanapita mia na mwalimu ni mmoja. Mama yangu mdogo yuko kwenye darasa kama hilo. Anasema kusahihisha madaftari tu ya somo moja kunamla jioni nzima, bado azimio la kazi, bado andalio la somo, bado takwimu ambazo mratibu wa kata anazitaka leo leo kwa WhatsApp, bado michango ya uji ya kufuatilia, mzazi mmoja anakupa kilo ya mahindi mwingine anakutukana. Nikamwambia stori ya Madam akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mwanangu, mi majina yao tu nikiyamaliza kuyajua ni mwezi wa sita. Nikakosa la kusema.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuwaenzi walimu namuuliza kwa kitu gani. Keki? Khanga? Vile vyeti vya kuprinti? Mwalimu akipunguziwa darasa likafika watoto 45 ameenziwa. Akipewa nyumba karibu na shule ameenziwa. Akipandishwa daraja kwa wakati na malimbikizo yake yakalipwa akiwa bado ana nguvu ameenziwa. Akistaafu asiwe mtu wa kushinda anapiga hesabu za kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, kwenye karatasi mpaka nyuma ya bahasha. Nchi hii baba yake wa taifa alikuwa mwalimu, alifundisha Tabora akafundisha Pugu, 1955 akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa na TANU, na hata alipokuwa Rais watu hawakuona cheo kikubwa cha kumuita kuliko hicho cha Mwalimu. Ukiangalia hilo halafu ukaangalia nyumba za walimu wa shule nyingi za vijijini unashangaa.

Kitu kingine cha haraka haraka, mabinti. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliopata ujauzito warudi kwenye shule za kawaida baada ya kujifungua, baada ya miaka mingi ya kufukuzwa moja kwa moja. Waraka umetoka, safi, tulishangilia. Ila waraka hauingii darasani. Binti anaporudi, ana mtoto wa miezi minne nyumbani, maziwa yanajaa katikati ya kipindi cha Baiolojia, wenzake wanaguna, pale kila kitu kinategemea mwalimu aliyesimama mbele atasema nini kwenye dakika ile ya kwanza. Akisema karibu mama fulani, darasa likacheka, yule binti humuoni tena wiki ijayo. Akisema kaa pale, fungua ukurasa wa 32, kama mwanafunzi mwingine yeyote, anabaki. Hapo utaona kwamba saa nyingine huruma ni kunyamaza tu, usilete hadithi.

Na kuna wale ambao heshima inawakuta wameshaondoka. Salah Farah, mwalimu wa Mandera huko kaskazini mwa Kenya, Desemba 2015 alikuwa kwenye basi likavamiwa na al-Shabaab, wakataka Waislamu wakae kando na Wakristo kando, yeye Mwislamu akawa miongoni mwa waliokataa kutenganishwa na wenzao. Akapigwa risasi, akafa hospitali Nairobi Januari iliyofuata. Rais akamtunuku nishani, mwenyewe keshazikwa. Huwa najiuliza wanafunzi wake walifundishwa nini siku nyingine za kawaida, somo gani, kwa sababu sidhani kama mtu anaanza kuwa hivyo kwenye basi.

Basi sisi tuliosoma pamoja kule Kilosa tuna grupu, na mwaka jana mmoja akaleta wazo kwamba tusisubiri msiba. Maana ndo zetu, mwalimu akifa tunachanga rambirambi ya maana, tunakodi Coaster, tunavaa tisheti zenye picha yake, na alipokuwa anaumwa hakuna aliyepiga simu. Madam yupo hai, amestaafu, anakaa kule kule, miguu inamsumbua. Tukaanza kubishana tumpe nini. Wengine wakasema tumfanyie sherehe ukumbini Morogoro mjini na emsii na kila kitu, wengine wakasema ngao ya kioo yenye jina lake, mmoja aliyeko Dodoma kwenye wizara fulani akawa anasisitiza tumualike kiongozi. Yule dereva wa lori akaandika sentensi moja tu kwenye grupu: kwani mmemuuliza?

Hatukuwa tumemuuliza.

Tukatuma watu wawili waende, mi nikiwa mmojawapo. Tukafika, shikamoo Madam, marahaba wanangu, akatukagua kuanzia juu mpaka chini, akatuambia tumenenepa vibaya. Majina akatutajia yote mawili mawili, na la baba. Tukazunguka zunguka na maneno ya heshima, tunatambua mchango wako, sijui tunakuthamini, akatukatisha. Sherehe hataki, akasema kukaa kwenye kiti kirefu masaa sita miguu yake haiwezi. Ngao ataiweka wapi. Halafu akasema kama kweli mna hela zenu mnatafuta pa kuziweka, mnimalizie choo, kile cha ndani nilianza kukijenga kwa mafao hela ikaishia kwenye msingi, na usiku kutoka nje na hii miguu naogopa.

Niliporusha hiyo taarifa kwenye grupu kukawa kimya kidogo halafu wakaanza, ah choo jamani, tutapigaje picha na choo, mtu wa wizarani akasema haina hadhi. Wakashindwa kwa kura. Fundi ameshaanza, ukuta umefika kwenye linta, tumeongeza na vile vyuma vya kushikilia ukutani maana kuna mwenzetu ni nesi akasema ni vya lazima kwa mtu wa magoti kama yale. Madam anasimamia mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda, juzi kamwambia fundi arudie kona moja haijanyooka. Bado sinki, vigae na mlango. Wale wa grupu ambao hamjamalizia ahadi zenu mnajijua, namba ya mweka hazina ni ile ile, na tafadhali ukituma andika jina, kuna hela imeingia Jumanne haijulikani ni ya nani.